Filamu Sita za Projestus

Temeke, Jumapili 1 Machi 1953

Kasha la Projestus limefika. Jana baada ya kazi nilikwenda ofisi ya wakala wa meli, nikatia sahihi mahali pawili, nikalifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya katani. Nilipofika nyumbani shemeji Auleria alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Hakuinuka. Alisema, "Libebe, usilikokote, utaamsha mtoto."

Leo baada ya misa tumelifungua. Vilivyomo: mashati mawili, suruali moja, koti la sufu la kijivu, rozari, kamera yake ya kukunja, daftari la jalada jeusi, na mkebe wa biskuti wenye filamu sita ambazo hazijasafishwa. Kila filamu ameifunga kwa karatasi na kuiandika nambari kwa penseli.

Ndugu yangu Projestus, mume wa Auleria, alifia hospitali Bombay tarehe 19 Januari, kwa homa ya matumbo, akazikwa huko huko. Alikuwa karani wa stoo melini kwa miaka miwili. Kila alipotia nanga Dar es Salaam alikuwa akiniletea filamu zake, nami nikizisafisha katika studio ya Bwana Muhsin ninakofanya kazi chumba cha giza. Hizi sita ni za safari mbili za mwisho.

Daftari linaeleza kila picha: mahali, saa, na muda alioiacha kamera wazi. Ni miji na pwani tu, nyingi za usiku. Nilifikiri hakuna zaidi ya hayo mpaka filamu ya sita, picha ya saba: "Mimi mwenyewe. Ukuta wa bahari, Bombay, chini ya taa. Dakika mbili."

Auleria aliusoma mstari huo kwa kidole, mara mbili.

"Basi yupo," alisema.

Hatuna picha yake nyingine. Picha ya arusi yao ipo pale ukutani: Auleria peke yake mlangoni mwa kanisa, kwa sababu mpiga picha alikuwa bwana arusi. Mimi nimesafisha sura za watu wa mji huu kwa miaka sita, na sikuwahi kumwambia ndugu yangu kaa hapa, nikupige.

Jumanne 3 Machi

Joto. Hakuna habari.

Alhamisi 5 Machi

Barua ya baba kutoka Bukoba. Baba yetu, Mzee Leonardi, alikuwa katekista, na huandika kwa mpango. Kwa kifupi anasema hivi. Kwetu mjane haondolewi kwenye kibanja chenye kaburi la mumewe. Projestus aligawiwa kibanja chake, migomba na mibuni, lakini kaburi lake liko Bombay. Baba mdogo Fransis, ambaye ndiye anayekitunza sasa, amesema mbele ya ukoo kwamba mwanamke mwenye binti mmoja na asiye na kaburi hana cha kukaa nacho, arudi kwao.

Baba amewaomba wazee wakubali kuzika kitu badala ya mwili. Baba mdogo akasema nguo hazifai, nguo mtu yeyote huvaa. Wakakubaliana juu ya picha yenye sura, kama walivyofanya kijiji cha jirani kwa askari aliyefia Burma. Ukoo utakaa Jumatatu baada ya Pentekoste. Picha isipokuwapo siku hiyo, shauri limekwisha.

Nilimsomea Auleria barua yote. Alikuwa anamsuka Kokushubila, mtoto wao, ambaye atatimiza miaka mitatu mwezi wa nane. Aliendelea kusuka.

"Pentekoste lini?"

"Tarehe 24 Mei."

"Ni mbali," alisema.

Sijui kama alimaanisha ni vizuri au vibaya. Kwa kweli sijamwona akilia tangu telegramu ilipofika. Ni mwanamke mkavu. Lakini na mimi sijalia, kwa hiyo sina haki ya kumwandika hivyo.

Jumamosi 7 Machi

Maji: digrii 74 za Farenhaiti baada ya barafu. Dakika tisa kwenye dawa.

Jana tulibishana kidogo, kama inaweza kuitwa kubishana.

"Anza na ya sita, shemeji."

"Ya sita itakuwa ya mwisho."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Filamu hizi zimekaa kwenye joto la meli miezi mingi, sijui zimechoka kiasi gani wala zinahitaji dakika ngapi. Tena maji ya Dar es Salaam ni ya moto. Yakizidi digrii 75, utando wa picha unalainika kama uji, unaweza kuchubuka. Kwa hiyo lazima barafu, na Bwana Muhsin hupata pande moja tu, Jumamosi asubuhi. Nitasafisha moja kila Jumamosi. Nikikosea ya kwanza tumepoteza Durban. Nikifika ya sita nitakuwa sikosei.

"Wewe ndiye fundi," alisema, akachukua ndoo akaenda bombani.

Filamu ya kwanza imetoka yote, picha kumi na mbili, zina ukungu kidogo pembeni. Ni Durban. Barabara ya pwani imepinda kama mundu, taa zimefuatana, na bahari nyuma yake ni nyeusi tupu. Katika picha ya nne mstari wa bahari umelalia kushoto. Kosa lake la siku zote.

Jumatatu 9 Machi

Nimepita kwa wakala wa meli kuulizia kitambulisho chake cha ubaharia, maana kina picha. Karani akasema kimebaki kwa serikali ya Bombay. Wataandika. Majibu huenda yakaja Agosti.

Jumamosi 14 Machi

Maji 75. Dakika kumi. Filamu ya pili: Beira. Mnara wa taa, mchanga uliolowa, magati. Safi kuliko ya kwanza.

Jumatatu 16 Machi

Mvua ya kwanza, asubuhi, robo saa.

Jumanne 17 Machi

Mvua.

Jumamosi 21 Machi

Maji 74. Filamu ya tatu: Shelisheli. Mawe makubwa ya pwani, yamelala kama ng'ombe. Nne zimepigwa kwenye mbalamwezi, dakika ishirini kila moja, na maji yametoka kama moshi kwa sababu mawimbi hayakutulia. Hizo nne ni nzuri. Bwana Muhsin, ambaye hasifu, alizitazama akasema, "Huyu ndugu yako angekaa nchi kavu, tungekula njaa sisi."

Jioni Auleria alizitandika zote kitandani, za Durban, za Beira na hizi.

"Shemeji, huko hakuna watu?"

"Wapo."

"Mbona siwaoni?"

"Kamera ikiachwa wazi dakika nne usiku, anayepita haingii. Anaingia aliyesimama tu."

Alishika picha ya barabara ya Durban akaisogeza kwenye taa. "Kwa hiyo hapa pamejaa watu."

"Huenda."

"Wamefutika kwa haraka zao." Akafikiri. "Yeye hakuwa na haraka hata siku moja. Siku ya arusi padri alituma mtu kumwita mara mbili."

Kokushubila akapanda kitandani akaweka kidole juu ya mnara wa taa wa Beira. "Baba," alisema. Akaweka juu ya mawe. "Baba." Inaonekana ameambiwa kwamba hizi ni picha za baba, naye amechukua neno hilo kama lilivyo. Tulimwacha.

Jumatano 25 Machi

Mvua mchana kutwa. Ukungu wa kijani kwenye viatu vyangu.

Jumamosi 28 Machi

Barafu haikuja. Maji 82. Sikufanya kitu.

Jumapili 29 Machi

Bi Badriya, mwenye nyumba wetu, alinikuta nahesabu filamu zilizobaki akaniuliza nazihifadhi vipi. Ni mjane naye, mumewe alikuwa na duka Ilala. Nikamwonyesha mkebe.

"Hivi? Kwenye masika hii? Zitaota uyoga."

Akakaanga mchele mkavu bila mafuta mpaka ukawa wa kahawia, akaumimina kwenye kopo la maziwa ya unga, akafukia filamu ndani, akaziba kwa nta ya mshumaa. Marehemu mumewe alikuwa akihifadhi hivyo saa za kuuza.

Nilimshukuru. Akanitazama.

"Kwani wewe na huyo shemeji yako mnazungumza?"

"Tunazungumza."

"Mnazungumza maji digrii ngapi." Alisikia hayo wapi sijui, kuta ni nyembamba. "Mie nina kuni kavu stoo, nimemwambia achukue. Yeye kila siku anachagua mbichi. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Nilisema sijawahi.

"Zinatoa moshi, bwana. Anakaa nazo jikoni nusu saa. Akitoka macho mekundu, nani amuulize?"

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Jumamosi 4 Aprili

Barafu imekuja, ndogo. Maji 76, nimesafisha haraka. Filamu ya nne: Karachi. Nusu imeingia mwanga, nusu imetoka. Reli za tramu zinang'aa kwa mvua. Hapo yupo mtu mmoja, amesimama chini ya mwavuli kwenye kona, mweusi kabisa, hana uso. Daftari halisemi ni nani.

Jumapili 5 Aprili

Pasaka. Tulikwenda misa wote watatu, tukarudi kwa miguu kwenye matope.

Jumatatu 13 Aprili

Juzi barafu haikuja. Leo barua fupi ya baba mdogo Fransis, kwangu. Anasema ananipa pole tena. Anasema nisisumbuke na mambo ya picha, mimi ni mtu wa mjini na kazi, na kwamba Auleria bado kijana, ataolewa. Amemaliza kwa salamu nzuri. Namkumbuka alivyonipeleka stesheni ya meli nilipokwenda shule Tabora, mwaka 1938, amenibebea sanduku kichwani. Tangu hapo nimerudi Bukoba mara moja tu, siku nne. Projestus alikuwa akirudi zaidi, lakini si sana.

Nilimwonyesha Auleria.

"Ameandika vizuri," alisema. "Migomba ile nilipanda mie. Mashimo sitini. Projestus alikuwa anaipiga picha."

Jumamosi 18 Aprili

Maji 74. Dakika kumi na moja. Filamu ya tano imetoka yote bila doa. Bombay usiku, kutoka mahali pa juu. Taa za pwani zimezunguka ghuba, na chini yake taa hizo hizo ndani ya maji. Sasa najua muda, najua dawa. Ya sita Jumamosi ijayo.

Jumamosi 25 Aprili

Barafu haikuja.

Jumatano 29 Aprili

Mtambo wa barafu umeharibika. Wanangoja chuma kutoka Mombasa.

Jumamosi 2 Mei

Haikuja. Maji 82. Keko maji yamejaa barabarani, nimebeba baiskeli begani.

Auleria hakuniuliza. Aliangalia mikono yangu nilipoingia, akaona sikubeba kitu, akaendelea kukuna nazi.

Jumatano 6 Mei

Tumepanga: Auleria na mtoto wasafiri kwa treni ya Jumatano tarehe 13, mpaka Mwanza, kisha meli ya ziwani. Wakichelewa zaidi hawawahi. Kwa hiyo bado Jumamosi moja.

Jumapili 10 Mei

Niandike ya jana.

Barafu haikuja. Nilikuwa nimetarajia hivyo. Ijumaa jioni nilijaza mitungi miwili ya Bi Badriya, nikaifunga magunia mabichi, nikaiacha penye upepo. Alfajiri maji ya mitungini yalikuwa digrii 77. Nikayapeleka studio kwa mkokoteni wa kukodi, nikitembea kando yake na kopo la mchele mkononi.

Filamu ilikuwa nzima. Mchele ule umefanya kazi yake. Nikaipitisha kwenye dawa kwa mikono miwili, juu chini, juu chini, dakika kumi. Maji ya mtungi wa kwanza. Dawa ya pili, ya kuimarisha picha, dakika kumi na tano. Maji ya mtungi wa pili yaliishia hapo.

Nikawasha taa nikaitazama. Picha ya saba ilikuwapo. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkono wa kushoto juu ya ukuta, kichwa kimegeuka kidogo, kama mtu anayesikiliza. Kwenye filamu weusi huwa weupe, kwa hiyo uso wake ulikuwa mweupe na shati lake jeusi. Mimi nimezoea kusoma sura hivyo. Alikuwa yeye. Hata sikio lililokunjika juu lilionekana. Niliitazama labda kwa muda wa kuhesabu kumi.

Kisha nikaiosha.

Kanuni inasema filamu ioshwe nusu saa kwenye maji yanayotembea, ili isije ikageuka rangi baada ya miaka. Nimefanya hivyo kwa kila filamu iliyopita mikononi mwangu. Maji ya bomba yalikuwa 83. Nilijua ni 83, kipimajoto kilikuwa ndani ya beseni mbele yangu. Nikasema dakika kumi tu. Kwenye dakika ya saba ukingo ulianza kukunjamana. Nikainyanyua. Utando uliteleza kutoka picha ya tano hadi ya tisa, wote kwa pamoja, ukaning'inia kama ngozi ya maziwa. Nilijaribu kuushika. Sura ya ndugu yangu ilibaki kwenye kidole gumba, utelezi wa kijivu, halafu haikuwa kitu.

Nilinawa mikono. Nikatundika kilichobaki. Nikafagia chumba. Bwana Muhsin alipokuja kufungua alinikuta nafuta beseni, akatazama filamu kwenye kamba, akaelewa.

"Uliosha muda gani?"

"Dakika saba."

"Ya nini? Ulihitaji nakala moja, Audax. Ungeisuuza ukaikausha. Ingekaa mwezi, mwezi ulikutosha." Akavua kofia akaipangusa mvua. "Picha ya kuzikwa umeiosha kama picha ya kuwekwa miaka mia."

Sikuwa nimeliona hilo. Mpaka aliposema, sikuwa nimeliona.

Nilirudi nyumbani nikasema filamu haijakauka. Ni uongo wa kwanza niliomwambia Auleria. Alisema, "Mvua hii, hata nguo hazikauki."

Jumatatu 11 Mei

Leo nimemwambia. Nilimkuta jikoni na kuni zake mbichi. Niliyasema yote kwa mfuatano: mitungi, dakika, digrii, kidole gumba. Sikuacha kitu.

Aligeuza kuni moja.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Amesimamaje?"

Nikamwonyesha. Niliweka mkono wa kushoto juu ya kinu na kugeuza kichwa kidogo. Alinitazama kupitia moshi. Nilikaa hivyo, sikujua niache lini.

"Hebu vaa koti lake," alisema.

"Shemeji."

"Mnafanana. Wewe umenenepa mashavu, basi. Mie nimeishi na yeye, nakwambia mnafanana."

"Baba atajua."

"Mzee ajue. Fransis ndiye nisiyetaka ajue. Na Fransis alikuona mara ya mwisho lini vizuri?"

"Itakuwa kuzika uongo."

"Kule Bombay wamezika kweli," alisema. "Mie imenisaidia nini?"

Nilitaka kusema neno juu ya dhambi. Niliangalia, nikaona kwamba ndani mwangu hamkuwa na neno. Nilikwenda chumbani nikavaa koti. Mikono ilikuwa mirefu kidogo.

Jumanne 12 Mei

Bwana Muhsin alikataa kwanza.

"Sie tunazika watu, hatuziki karatasi. Na hii karatasi ni ya mtu mzima anayepumua."

Auleria alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, amelowa. "Shikamoo, Bwana Muhsin," alisema tena, ingawa alikwisha kumwamkia.

"Marahaba." Akamtazama, akanitazama. "Shamba lenyewe kubwa?"

"Mashimo sitini ya migomba. Na mibuni."

"Fungeni mlango."

Alitundika kitambaa cheusi, akaweka meza kubwa ubavuni na kuifunika turubai la kijivu iwe ukuta, akashusha taa moja juu yangu. Akazima nyingine zote. Nikaweka mkono.

"Si hivyo," alisema Auleria. Akaja akaushika mkono wangu, akaulegeza vidole kimoja kimoja. "Yeye mkono wake ulikuwa hauna kazi. Wako kama unashika kitu." Akainua ukosi wa koti. Akarudi nyuma, akasimama kando ya kamera, akawa ananitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Usiniangalie mie. Tazama mbele."

"Usipumue," alisema Bwana Muhsin. "Nahesabu thelathini."

Nilisimama. Nilifikiri lazima nifikiri juu ya Projestus, ndilo lililonipasa. Nilifikiri kwamba taa iko chini mno na pua itatoa kivuli.

Barafu haikuwapo, tuliisafisha kwa maji ya mtungi na kuisuuza dakika moja. Bwana Muhsin alikaa na penseli yake juu ya filamu nusu saa, akanipunguza mashavu, akalikunja sikio.

Jioni Auleria alimwonyesha mtoto. "Nani huyu?"

"Baba mdogo," alisema Kokushubila bila kusita. Ndivyo anavyoniita.

"Hapana. Baba. Sema."

"Baba mdogo."

Auleria alimweka mapajani. Nilikuwa chumba cha pili na niliwasikia mpaka mtoto akasinzia. Nani huyu. Baba. Nani huyu. Baba mdogo. Nani huyu. Baba.

Jumatano 13 Mei

Nimewasindikiza stesheni. Treni ilichelewa kuondoka saa moja na nusu. Auleria alikuwa amekaa dirishani, picha kifuani, imefungwa kwenye kanga na kitambaa cha mpira juu. Picha za pwani ameniachia zote.

"Hutaki hata moja?"

"Hizo alizitazama yeye," alisema. "Mie nilikuwa namtazama yeye."

Kisha akasema, "Kula, shemeji. Bi Badriya nimemwachia mchele wako." Treni ikaondoka. Nilidhani ni mwanamke mkavu. Nimerudi nyuma kwenye daftari hili nikaona nimeliandika neno hilo tarehe 5 Machi. Naliacha hapo, lakini si kweli.

Ijumaa 15 Mei

Bi Badriya amefunga. Mvua inapungua.

Jumatatu 18 Mei

Hakuna.

Jumamosi 23 Mei

Barafu imekuja, pande kubwa, safi. Maji 70. Hapakuwa na kitu cha kusafisha isipokuwa picha za paspoti za watu wawili.

Jumatatu 25 Mei

Leo ukoo umekaa. Nilifanya kazi mpaka saa kumi na moja.

Jumanne 2 Juni

Mji mzima bendera na taa, Malkia anavishwa taji huko Ulaya. Wateja wengi studio, familia nzima nzima. Sikuketi.

Jumamosi 6 Juni

Barua ya Auleria, kurasa mbili, mwandiko mkubwa wa shule ya masista. Nanakili sehemu.

"Walifika wazee kumi na mmoja. Fransis aliichukua picha akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakaa nayo. Nilihesabu thelathini kama Bwana Muhsin. Akasema, mbona amekonda hivi. Nikasema ni chakula cha melini. Akamwita mtoto akamuuliza nani huyu. Mtoto alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema Baba. Fransis akamwuliza tena, akasema Baba. Hapo Mzee akanyoosha mkono akaichukua picha. Aliitazama kidogo tu, akaigeuza kifudifudi, akasema twendeni, jua linapanda. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, la urefu wa mtu. Mzee aliiweka yeye mwenyewe. Alishuka ndani, wakamwambia mzee utaumia, hakusikia. Fransis alitupa udongo kama wengine. Jana ameondoa mbuzi wake. Nimehamia.

"Siku ya tatu Mzee aliniita faragha. Sikumweleza neno naye hakuniuliza. Amesema nikuandikie hivi hivi: Mwambie nimeiona. Mwambie Krismasi aje, lakini aje na ndevu."

Nimesoma barua mara mbili. Nikasimama mbele ya kioo cha Bi Badriya kilichoko ukumbini. Sijanyoa tangu Jumatano, kwa uvivu. Zimetoka pembeni ya kidevu na kidogo juu ya mdomo, mashavuni hakuna. Ukoo wetu hatuoti ndevu. Projestus alijaribu mwaka mzima alipokuwa melini, akaacha.